Mama mkwe wangu alivyokuwa partner wangu wa lab: nilivyosomea ualimu wa sayansi Bungoma

Wakuu, heshima zenu.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka, nikicheka na mikasa yenu. Leo na mimi nimejitokeza. Hii ni yangu mwenyewe, si ya rafiki wala ya jirani, na sijaongeza chumvi. Nimebadilisha majina tu, kwa sababu mhusika mkuu ana wajukuu wanaojua kutafuta vitu mtandaoni.

Mimi ni mwalimu. Nimefundisha shule ya msingi nje kidogo ya Kitale kwa miaka kumi na tatu, kwa cheti changu cha P1, kile cha ualimu wa msingi. Junior School ilipoingia, watoto wa Grade 7 mpaka 9 wakabaki kwenye shule zetu, na ghafla mwalimu wa sayansi akawa mtu wa kutafutwa kwa tochi.

Mwalimu mkuu akaniita ofisini. "Wewe si unapenda hizi vitu za sayansi? Enda usome degree bana. Ukirudi kazi iko."

Kupenda nilikuwa napenda kweli. Kujua ndiyo ilikuwa shida. Nilikuwa nimefundisha asidi na besi kwa kuchora ubaoni tu, na mtoto akiuliza swali la pili namwambia hilo mtasoma mbele.

Sisi tulio kazini tunasoma wakati wa likizo. Aprili, Agosti na Desemba, wenzako wakipumzika, wewe unabeba godoro na kwenda chuo. Mimi nikachagua chuo kimoja pale Bungoma, jina nitaliacha.

Mke wangu, tumwite Nekesa, ndiye aliyenijazia fomu kwenye cyber mjini. Mimi na kompyuta hatuelewani, huwa naibonyeza kwa hasira. Nikampa vyeti asubuhi, jioni akarudi na karatasi zimechapishwa, nikashukuru.

Sasa kabla sijaendelea, ninyi msio watu wa Magharibi nisikilizeni kidogo.

Mimi ni Mbukusu, na mke wangu ni Mbukusu wa Sirisia. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawashikani mikono. Hawali meza moja. Hawatazamani usoni. Mkikutana njiani, mmoja anapisha kabisa, anaingia hata kwenye mahindi ya watu. Tunaita chisoni. Ni aibu, lakini ile aibu ya heshima.

Siku hizi wengi wamelegeza, wengine wanapiga hata selfie na mama mkwe. Lakini nyumba ya wakwe zangu ina msimamo. Miaka kumi na moja ya ndoa, watoto watatu, na nilikuwa sijawahi kumwambia yule mama neno moja ana kwa ana. Nikienda kwao, mimi niko sebuleni na mzee, yeye yuko jikoni. Nasikia akicheka na wajukuu huko nyuma, chakula chake nakula, basi.

Na msidhani hatupendani. Mtoto wetu wa pili alipougua na kulazwa, mama huyu alitoka Sirisia akaja Kitale kumsaidia binti yake. Akakaa wiki mbili kwa jirani, kwa sababu haruhusiwi kulala kwangu na hakutaka mimi nihame. Kila asubuhi nilikuta uji umeshapikwa na mpishi ameshaondoka. Nilinywa ule uji nikiwa na deni la shukrani ambalo sikuwa na mdomo wa kulisema.

Basi, likizo ya kwanza ikafika.

Siku ya tatu tukaingia maabara kwa unit ya kemia. Lecturer wetu alikuwa dada kijana kutoka Taita, mkali, Kiswahili chake kimenyooka. Tulimwita Madam. Akasema bureti ni chache, kwa hivyo tutafanya kazi wawili wawili kwa kufuata namba za usajili. Utakayepangwa naye ndiye mwenzako mpaka mtihani wa practical, alama zenu ni moja.

"Bench namba saba," akasoma. Jina langu. Nikainua mkono.

Kisha akasoma jina la pili. Nikajiambia majina yanafanana, Bungoma imejaa watu wa jina hilo.

Pale mlangoni akasimama mama mfupi, lab coat imempita magoti, kitambaa kichwani, kitabu amekikumbatia kifuani. Mama Nekesa mwenyewe, naye mwalimu kule kwao Sirisia.

Aliniona, nikamwona. Yeye akageukia dirisha. Mimi nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Madam akanifuata nje. "Wewe, unakwenda wapi?"

"Madam, yule ni mama mkwe wangu."

"Hongera. Rudi ndani."

"Madam, kwetu mimi na yeye hatuwezi kusimama pamoja. Ni mila."

"Nikikubadilisha wewe, kesho nitaambiwa yule ni shemeji na huyu ni binamu. Hapa Bungoma nyote ni ndugu. Rudi ndani au nenda nyumbani."

Nilirudi nikiwa nimefura. Nusu ya darasa walikuwa Wabukusu, na walikuwa wamesikia yote. Kwanza walicheka mpaka wengine wakashika meza. Halafu wakanyamaza wote kwa pamoja, kwa sababu kila mmoja alimfikiria mama mkwe wake amesimama pale.

Jioni nikampigia Nekesa.

"Ulijua mama yako anasoma hapa?"

"Nilijua. Si niliwajazia fomu siku moja, kwa kompyuta moja? Alinitumia vyeti vyake na gari ya Kimilili."

Ndiyo maana namba zetu zilifuatana.

"Na hukuniambia?"

"Ningewaambia, ni nani kati yenu angeenda?"

Nikamkatia simu. Baada ya dakika tano nikapiga tena kuuliza kama watoto wamekula, lakini nilikuwa bado nimekasirika.

Turudi maabara. Kwa wasiojua, bureti ni mrija mrefu wa kioo, umesimamishwa wima, chini una kibomba cha kufungua na kufunga. Ndani unaweka dawa moja. Chini yake kuna chupa yenye dawa nyingine. Unadondosha ya juu kwenye ya chini huku chupa inatikiswa, mpaka ile ya chini ambayo haikuwa na rangi igeuke pinki. Lakini iwe pinki ya mbali sana, ya kushuku tu. Tone moja likizidi, inakuwa pinki kama ya sare za shule, na hapo umeharibu.

Mkono wangu ni wa haraka. Nilijaribu bomba mara tatu, mara tatu ikawa sare za shule. Mama naye ana mkono wa subira, tone, tone, tone. Kwa hivyo ikaonekana wazi kwamba bomba ni lake na chupa ni yangu.

Shida ni hii. Yeye alisimama amegeuka upande wa dirisha, mkono umenyooka nyuma kushika bomba, kwa sababu akigeuka atanitazama. Haoni chupa. Mimi ninayeona chupa siwezi kumwambia afunge. Utamwamrisha vipi mama mkwe wako? Hata kumsalimia hujawahi.

Bench namba nane kulikuwa na jamaa anaitwa Barasa, mwalimu wa Kimilili, mtu mzima mwenye tumbo na roho nzuri. Nikamwomba awe mjumbe.

Mambo yakaenda hivi. Mimi naona pinki inaanza. Namwambia Barasa, "Mwambie mwalimu afunge." Barasa anaacha kazi yake, anageuka, anasafisha koo kwa heshima, anasema, "Mwarimu, ati hiyo bomba ifungwe." Mama anafunga.

Kufikia hapo matone sita yameshaingia.

Practical ya kwanza tulipata alama nne kwa ishirini. Ya pili tano. Barasa naye zake zikaanza kushuka, na partner wake, dada wa Webuye, akamwambia achague moja, kuwa mwanafunzi au kuwa mtume.

Nilikuwa na hasira na kila mtu. Na Madam, na Nekesa, na Barasa kwa kusafisha koo. Hasira nyingine ilikuwa yangu mwenyewe. Darasani kwangu mimi ni mtu wa maneno, watoto wananiita redio, na hapa niko kimya natazama dawa ikiharibika.

Hata chakula kilikuwa vita. Siku ya kwanza kwenye mkahawa wa chuo niko na chapati na maharagwe, nikamwona mama anaingia. Nikabeba sahani na kwenda kumalizia nyuma ya tangi la maji. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu hakuja. Nikamuuliza Barasa kama mama ni mgonjwa.

"Hapana. Anakura saa nane siku hizi. Ati amesema kijana asipate vidonda vya tumbo juu yake."

Tulikuwa tunaingia darasani saa mbili asubuhi. Mama wa miaka hamsini na saba anakaa na njaa mpaka saa nane ili mimi nile nimeketi. Nilijisikia vibaya sana, wakuu. Maharagwe yalinishinda siku hiyo.

Kilichotuokoa kwanza ni kitabu.

Kila pair ilikuwa na kitabu kimoja cha kuandikia matokeo. Tulikuwa tunakiachiana kwenye bench. Mimi nikimaliza naweka chini, napiga hatua mbili nyuma, yeye anakichukua. Siku moja nimekifungua nikakuta kazi yangu imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. "Mwalimu, sehemu ya pili umesahau vipimo. Rekebisha." Na chini yake, "Mwandiko uboreshwe."

Nilicheka peke yangu mpaka Madam akanitazama.

Nikaandika chini, "Nimerekebisha. Mwandiko ni wa kuzaliwa nao."

Kesho yake nikakuta jibu. "Hakuna mwandiko wa kuzaliwa nao. Ni uvivu."

Mila ilikuwa imekataza mkono, meza na macho. Haikuwa imesema lolote kuhusu kitabu cha mazoezi. Tukaanza kuongea humo. Mwanzo ni kemia tu. Yeye alikuwa hajui hesabu za moles, zile za kupima kiasi cha dawa, namchorea hatua kwa hatua. Mimi nilikuwa sielewi kwa nini rangi inageuka ghafla, akanieleza kwa mfano wa munyu, ile chumvi ya majivu ya maganda ya maharagwe ambayo kina mama wanachujia maji ya kupikia mboga ya mrenda. "Ukidondosha pole pole mrenda unalainika. Ukimwaga yote unawasha koo. Ni ile ile besi." Miaka kumi na tatu nafundisha besi na nilikuwa nakula besi kila Jumapili bila kujua.

Halafu likizo ya Agosti, wiki moja kabla ya mtihani wa practical, nikafungua kitabu nikakuta ukurasa mzima. Nimeunakili hapa, kwa ruhusa yake.

"Mwalimu, nimeona umekata tamaa. Nikwambie kitu. Nilipokuwa msichana shule yetu ilikuwa na maabara ndogo, wakaingia wavulana, sisi tukapelekwa kujifunza kupika keki. Nimefundisha sayansi miaka thelathini na mbili na nilikuwa sijawahi kugusa bureti mpaka hapa. Nimebakisha miaka mitatu nistaafu. Tukipita unit zote nitahitimu na mwaka mmoja mkononi. Nataka huo mwaka mmoja niwafundishe watoto wa Junior pale kwetu nikiwa najua ninachosema. Nikirudia unit hii, huo mwaka umeenda."

Nilisoma mara tatu. Mimi nikifeli ningerudia, ningechelewa, ningelalamika, maisha yangeendelea. Yeye alikuwa na mwaka mmoja tu, na huo mwaka ulikuwa unadondoka kutoka kwenye bomba ambalo mimi nilishindwa kusema lifungwe.

Nikaandika, "Tutapita, Mama." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita Mama, hata kwa maandishi.

Tukapanga mbinu kitabuni. Mtihani hauruhusu kuongea na bench nyingine, kwa hivyo Barasa hayumo. Mimi nitagonga meza na kalamu. Mara moja, punguza. Mara mbili, funga. Tukajaribu siku tatu mfululizo na maji ya munyu na maji ya maua ya zambarau tuliyochuma getini, ambayo nayo hugeuka rangi yakikutana na besi. Ikakubali. Siku ya tatu tulipata rangi nzuri mara nne bila kukosea, na nikamwona mama bega likitikisika, alikuwa anacheka akitazama dirisha.

Siku ya mtihani tulipangwa kundi la alasiri. Barasa alifanya asubuhi, akatoka amekunja uso, akaniambia, "Kazi iko ndani. Mungu awe nanyi."

Mnaijua Bungoma ya Agosti, alasiri. Tuliingia jua linawaka. Tukapanga vyombo. Jaribio la kwanza huwa la kukisia, unaruhusiwa kukosea, tukalipitisha. Ndipo mawingu yakashuka kutoka upande wa mlima.

Maabara ile ni ya mabati na haina dari.

Mvua ilianza na mawe yake. Wakuu, kama hujawahi kukaa chini ya mabati mvua ya mawe ikinyesha, siwezi kukuelezea. Sikuweza kusikia hata pumzi zangu.

Jaribio la pili. Pinki ikaanza kuonekana. Nikagonga mara moja. Hakusikia. Nikagonga mara mbili. Hakusikia. Nikagonga kama mtu anayebisha mlango wa daktari, mpaka kalamu ikavunjika. Matone yakaendelea kushuka kwa mpangilio mzuri, na chupa ikawa sare za shule.

Mama aliposhangaa kwa nini nimekawia kugonga, akageuza kichwa kidogo, akaona chupa. Akarudisha uso dirishani. Lakini niliona alivyofunga macho.

Dawa ilibaki ya majaribio mawili tu, na Madam alitaka mawili yanayolingana. Hapakuwa na nafasi ya kuharibu hata moja.

Tukaanza la tatu. Tone, tone. Nikaangalia chupa. Nikaangalia mkono wake kwenye bomba, mkono wa mwalimu, chaki imeingia kwenye kucha na haitoki tena. Nikakumbuka uji wa Kitale.

Katikati ya chupa ikatokea ile rangi. Ya kushuku tu. Ikazunguka ikapotea. Tone lingine, ikarudi, ikakaa.

"MAMA, FUNGA!"

Nilipiga kelele kushinda mvua. Watu wa bench ya kwanza waligeuka. Jamaa mmoja wa Chwele aliangusha mrija wake wa pipeti. Wale Wabukusu wote walinitazama kama mtu aliyevua nguo sokoni.

Mama alifunga pale pale.

Madam akaja. Akachukua karatasi nyeupe, akaiweka nyuma ya chupa, akainama. Kisha akaniambia karibu na sikio, "Hii ndiyo rangi yenyewe. Endeleeni."

La nne nikaita tena. "Mama, punguza. Mama, funga." Sauti ilikuwa imeshakauka. Mawili yakalingana.

Tulipomaliza, mama akafuta bench, akakunja lab coat, akapita mlangoni bila kugeuka. Mtihani nilijua tumepita. Lakini sasa nilikuwa nimemfokea mama mkwe mbele ya watu arobaini.

Nikampigia Nekesa.

"Umemwambia mama yangu afunge?"

"Ndiyo."

"Kwa sauti?"

"Kulikuwa na mvua."

"Ngoja nimpigie."

Nilisubiri siku hiyo, sikupata jibu. Kesho yake pia. Nikarudi Kitale nikafungua shule, nikafundisha kama mtu aliyeagizwa kufika polisi. Wiki ya tatu matokeo yakatoka, tumepita, na alama nzuri. Siku hiyo hiyo Nekesa akaniambia, "Baba anakutaka Sirisia Jumamosi. Uende na mjomba wako. Na blanketi."

Mkiambiwa hivyo jueni kuna kesi.

Nikafika na mjomba, blanketi nimelikumbatia. Mzee alikuwa sebuleni na ndugu zake wawili. Akatuacha tukae, akatuacha tukamaliza chai, ndipo akasema, "Nasikia ulimpigia mke wangu kelele."

Nikainamisha kichwa. Mjomba akaanza kujitetea kwa niaba yangu, mzee akamwinulia mkono. "Nimemuuliza huyu. Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia afunge bomba, Baba."

"Akafunga?"

"Alifunga."

"Mimi nimekaa naye miaka thelathini na sita," mzee akasema, "na akifungua kitu hafungi kwa kuambiwa." Ndugu zake wakaanza kucheka, lakini mimi bado sikujua kama ni ruhusa kucheka.

Ndipo mlango wa jikoni ukafunguliwa, na mama akaingia sebuleni. Kwa mara ya kwanza nikiwa nimeketi mle ndani, aliingia. Akakaa kiti kinachonitazama. Mzee akaeleza kwamba wameongea wenyewe wiki tatu. Kila nyumba ina utaratibu wake wa kulegeza jambo hili, na kwao blanketi likikubaliwa mbele ya pande mbili, mkwe anaweza kusalimia. Kwamba kwa kawaida wangengoja mimi nizeeke zaidi, lakini bado kuna unit sita mbele yetu na mama amekataa kusikia habari ya Barasa tena.

Mjomba akatoa blanketi. Mama akalipokea, akaliweka mapajani, akanyoosha mkono.

Nikaushika. Ulikuwa mkavu na wa joto. Nilitaka kumshukuru kwa ajili ya uji, na mtoto, na saa nane za mchana, na mwandiko wangu, vyote kwa pamoja, na hakuna kilichotoka. Machozi ndiyo yalitoka, sitaficha, mbele ya mjomba na wazee watatu.

Mama akanitazama usoni. Ana macho ya Nekesa, nilikuwa sijui.

"Miaka kumi na moja," akasema, "nimekuwa najiuliza, huyu kijana siku akifungua mdomo ataniambia neno gani la kwanza. Nikasema labda atanishukuru kwa binti yangu. Labda atasema chakula ni kitamu." Akatikisa kichwa. "Ikawa *funga*."

Sebule nzima ilivunjika mbavu. Mimi nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, na mkono hakuuachilia.

Basi wakuu, ndiyo hiyo. Tumebakisha muhula mmoja. Mama akihitimu ana ule mwaka wake, na shule yao imeshampa Grade 7 ajaribie mkono. Juzi watoto wake wamechuma maua yote ya mwalimu mkuu kutengeneza dawa ya kupimia asidi, na akanipigia simu mwenyewe kunieleza. Nilipokea nikiwa nimesimama. Kuna vitu haviishi hata kwa blanketi.

Nilichojifunza ni kidogo. Mila sikuidharau na sitaidharau, ilinifundisha kumheshimu mtu nisiyemjua. Lakini nilikuwa nimejificha humo pia. Kunyamaza kulikuwa rahisi kuliko kusema asante, na kulikaribia kumgharimu mtu mwaka wake wa mwisho.

Walimu mnaosoma likizo, mpo? Na ninyi mliooa kwetu Magharibi, semeni ukweli hapa chini. Neno la kwanza ulilomwambia mama mkwe wako lilikuwa gani?